Barua ya Kuachiwa

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini. Hapana, nimekosea, niwieni radhi. Ishirini ndio mwaka niliong'olewa jino la mwisho la upande wa kulia. Hili la Penina ni ishirini na moja, mwaka ule ufuta wangu ulinyeshewa ukiwa umeshakatwa na kusimamishwa shambani. Nakumbuka kwa sababu ufuta ule usingeoza, nisingepanda tena baiskeli kurudi kwenye mipira.

Kazi yangu mimi ni mipira. Naitwa Masoudi, kwetu Naipingo, lakini watoto wa shule kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa wananiita Babu Kiraka. Mpira wa miguu naushona kwa sindano na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Mpira wa kikapu haushonwi. Ule unazibwa kama tyubu ya baiskeli, kwa kiraka na solusheni, na ukiuziba vibaya unadunda upande, unamkimbia mchezaji kama una akili zake. Nimesoma mpaka darasa la nne. Kusoma nasoma, ila maneno mengine nayapita juu juu, na hilo ndilo lililoleta haya ninayoyaandika.

Njiani ukitoka Nachingwea kuja kwetu kuna chuo cha mifugo, cha mtu binafsi. Jina lake naliacha. Wanafunzi wanasoma miaka miwili, wanatoka na cheti, wanakwenda vijijini kuchanja ng'ombe na kuku. Chuo kile kina uwanja wa kikapu wa saruji na timu ya wasichana inayosifika, na kocha wake ni Mwalimu Mustafa, mtu mfupi, mpole, filimbi haimtoki shingoni hata akiwa anakula. Nilikuwa namzibia mipira. Siku moja akaniambia, "Babu, wewe unazunguka. Ukimwona binti mrefu, mrefu kweli, aliyemaliza kidato cha nne na ana alama zake, nitajie tu jina. Mengine niachie mimi."

"Mrefu kiasi gani?"

"Akiingia dukani, ainame."

Hayo yalikuwa maongezi. Sikulipwa kitu wala sikudai. Nilifurahi tu kuombwa jambo na mwalimu.

Nikamwona Penina kwenye mnada wa ng'ombe upande wa Ruangwa, nimekwenda pale kutafuta vipande vya ngozi. Dume moja jekundu lilikata kamba, likakimbia kuelekea vibanda vya mama ntilie. Vijana kama kumi wakalifukuza kwa nyuma na fimbo na makelele, nalo likazidi. Binti mmoja alikuwa ameketi anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akasimama, na kusimama kwake kulichukua muda, maana alikuwa anaendelea tu kwenda juu. Hakukimbia. Alitembea hatua sita, saba, upande ambao dume halipo, akasimama na mikono ameitanua. Dume likaja lenyewe, likamkuta pale, likapinda, likarudi zizini. Akarudi kwenye chai yake.

Nikamsogelea. "Mjukuu wangu, umejuaje kwamba litapita hapo?"

"Babu, wale wanalifuata nyuma ndiyo maana linakimbia. Mimi nimeangalia linataka kwenda wapi, nikatangulia."

Nikamuuliza shule. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, ana alama zake, yuko nyumbani Ruponda kwa baba yake Luhende. Ni wale wafugaji waliokuja na ng'ombe zao kutoka kule Kanda ya Ziwa. Nikalibeba lile jina kwenye baiskeli mpaka kwa Mwalimu Mustafa, nikalitaja.

Wiki hiyohiyo tukaenda Ruponda, mwalimu na mimi. Mzee Luhende alitupokea nje ya zizi. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," nami nikajibu ninavyoweza, "Salama tu." Walikuwepo mkewe Helena na mdogo wake Luhende aitwaye Mahona, anachonga mpini wa shoka.

Mwalimu akaeleza. "Tunamtaka binti yenu. Chuo kitamlipia ada, chakula na malazi. Yeye kazi yake ni kucheza na kusoma."

Mahona hakuinua macho kwenye mpini. "Mwalimu, umeanza na kucheza. Kusoma kumekuja nyuma."

"Ni maneno tu, mzee wangu."

"Ndiyo, ni maneno. Nayaangalia yalivyopangwa foleni."

Sote tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mama Helena akasema, "Huyu tangu mdogo anafungua ndama midomo kuangalia meno. Nilidhani atang'atwa vidole."

"Nataka kuwa daktari wa ng'ombe," Penina akasema.

Luhende akauliza anarudi lini. Mwalimu akasema miaka miwili. Basi mzee akanyoosha fimbo kwa mtamba mmoja mweupe, mwenye doa jeusi shingoni. "Yule ni wake. Akizaa mara ya pili, mwanangu awe amerudi na cheti chake, aje atibu hawa. Kuna watu wamekuja kumposa. Nitawaambia wasubiri."

Ikatoka fomu. Luhende akaitazama kama mtu anavyotazama nyoka aliyelala. "Karatasi nilizoweka sahihi tangu nifike huku kusini zinanitosha. Mzee Masoudi, wewe ni mwenyeji. Weka wewe."

Kwa wageni wetu hawa, jambo lolote la ofisini huwa wanataka mwenyeji asimame mbele, na kuitwa mwenyeji ni heshima. Nikaichukua fomu, nikaisoma kwa kidole. Palikuwa na mstari unaosema mchezaji hataondoka chuoni mpaka atakapoachiwa na chuo. Nilijua kuachiwa ni nini. Watoto wa shule wanaachiwa saa nane mchana, kengele inalia, wanakwenda nyumbani. Nikaandika jina langu palipoandikwa Mlezi.

Mwanzoni Penina hakuujua mchezo hata kidogo. Mpira aliudaka kwa viganja na kifua, kama anayepokea mtoto mchanga, ukamtoka, ukampiga usoni. Mwalimu Mustafa alimchukua kila asubuhi kabla saruji haijapata moto, akamrushia mpira mpaka akajua kuudaka kwa ncha za vidole. Akamfundisha kugeuka na mguu mmoja ukiwa chini, kuruka bila kuusogeza mwili mbele, kuuweka mpira kwenye ubao mahali pamoja tu, pale alipopaka chokaa. Nilikuwa nakaa pembeni na solusheni yangu, naona mtoto anavyotengenezwa. Nilijisifu moyoni, nasema huyu nimemleta mimi.

Chini ya goli pamechorwa mstatili, wanauita boksi. Mwalimu alimwonyesha boksi lile, akamwambia, "Hapa ndipo kwako. Usishuke chini, usidundishe mpira, usitoke mbali. Wewe ni nguzo." Tena akamfundisha kutoka hatua moja na kurudi, kutoka na kurudi, maana sheria ya mchezo huo inasema timu yako ikiwa na mpira, hukai ndani ya boksi la wapinzani zaidi ya sekunde tatu. Refa anahesabu. Zikipita, anapuliza.

Siku moja mazoezini Penina alimwona mwenzake anataka kupasia upande wa kulia. Akafanya kama alivyofanya kwa lile dume, akatangulia, akauchukua mpira katikati ya njia, akakimbia nao uwanja mzima, miguu ile mirefu, nywele zinaruka. Wasichana wakapiga makofi. Mwalimu akapuliza filimbi.

"Penina, umewahi kuona nguzo ya umeme inatembea?"

"Nimeziona zikianguka, mwalimu."

Lusiana, msichana mfupi aliyekuwa mpigaji pasi wa akiba, akacheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake. Alikuwa anamwambia, "Twiga, inama nikunong'oneze." Lakini Penina alirudi kwenye boksi. Jioni, nikimrudishia mpira niliouziba, akaniambia taratibu, "Babu, wamenitia zizini."

Nikamwambia avumilie, miaka miwili si mingi.

Walishinda. Walikwenda Lindi wakashinda, wakaenda Mtwara wakarudi na kikombe. Picha ya Penina ameinua mpira ikachorwa kwenye geti la chuo, kubwa, na wazazi wakawa wanaleta mabinti zao kwa sababu ya lile geti. Ndipo ikafika ishirini na tatu, mwisho wa masomo. Wakabandika orodha ya waliomaliza. Nilikuwepo. Penina aliisoma kutoka nyuma ya wenzake wote, haikumbidi kusogea. Mbele ya jina lake pameandikwa: haijakamilika.

Kilichokosekana kilikuwa fildi, yale majuma nane ya kwenda vijijini kutibu mifugo kwa vitendo. Fildi iliangukia wakati wa mashindano. Lusiana naye alikuwa Mtwara, lakini yeye alitafutiwa fildi ya haraka wakati wa likizo, akafuzu. Penina akauliza mbona yeye hakutafutiwa. Akaambiwa likizo hiyo alikuwa kambini na timu. Wafupi wapo wengi.

"Mwaka mmoja tu," Mwalimu Mustafa akamwambia.

Mwaka wa tatu fildi iliangukia tena wakati wa mashindano. Orodha ikatoka, haijakamilika. Lusiana wakati huo alikuwa ameshaanza kazi Ruangwa, anachanja kuku.

Nilimwendea mwalimu. Si mtu mbaya, nasema kweli. Aliniangalia kwa huruma. "Babu, lile geti si langu. Mkuu wa chuo ameniambia Penina akiondoka kabla ya kupata mwingine, na mimi niondoke. Nina watoto wanne."

"Basi aondoke mwenyewe, aende."

"Vyeti vyake vya kidato cha nne viko kabatini ofisini. Havitoki bila barua ya kuachiwa. Na barua anaiomba mlezi aliyeweka sahihi. Yaani wewe."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno, miaka mitatu baada ya kuliandikia jina langu.

Nikaona kwanza nikamweleze baba yake. Nikapanda baiskeli mpaka Ruponda. Yule ng'ombe mweupe alikuwa na ndama wa pili ameshakua, na tumbo la tatu linaonekana. Luhende alinielekezea fimbo tumbo lile, nami nikaelewa ananihesabia. Wakaja Helena na Mahona. Nikasema, kwa haraka ya mtu mwenye aibu, "Penina hajambo. Anachosubiri sasa ni barua ya kuachiwa."

Mama Helena akaweka kibuyu chini.

Mahona akasema, "Kaolewa na nani?"

"Hajaolewa."

"Mwanamke anayesubiri barua ya kuachwa hajaolewa? Huku kwenu mnaacha kabla ya kuoa?"

"Kuachiwa, sikusema kuachwa. Ni mambo ya mpira."

"Kwa hiyo kaolewa na mpira." Akamgeukia kaka yake. "Ndiyo maana nilisema. Waliweka kucheza mbele."

Kuna kijana alikuwa anakamua pembeni, mmoja wa ule ukoo uliokuja kumposa. Akaondoka na ndoo nusu. Mpaka siku ya mnada habari ilikuwa imefika kila mahali: binti wa Luhende alifichwa mjini na mume, sasa anaachwa. Nilieleza, nikaeleza, mpaka Luhende mwenyewe akanielewa. Nadhani alinielewa. Lakini akasema, "Mzee Masoudi, mimi nakuamini. Wao hawatakuamini. Mtoto akirudi hapa bila ile barua, watasema amemkimbia mume, na wale waliokuja kumposa watataka nieleze jambo nisilolijua. Sahihi ni yako. Ilete barua. Asije bila barua."

Nilipompelekea Penina maneno hayo alikuwa anafua jezi. Alizianika zote kwanza. Halafu akasema, "Kwa hiyo huku sitoki bila barua, na kule siingii bila barua."

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Wewe babu umeniweka mahali kweli."

Hakulisema kwa ubaya.

Nikaandika barua ya maombi, nikamwomba kijana wa steshenari anisahihishie. Pale ofisini karani ni Bi Samia, mwanamke mzuri tu, ananipa kiti kila nikienda. Akanieleza. Anayeachiwa lazima awe amemaliza masomo. Kumaliza masomo lazima amalize fildi. Kwenda fildi lazima atolewe kwenye timu. Kutolewa kwenye timu ndiko kuachiwa. Akanieleza mara ya pili, polepole, akidhani sijafuata. Nilikuwa nimefuata. Nilikwenda pale mara tano, na mara zote tano tulizunguka hivyohivyo, mara nyingine tukianzia kwenye fildi, mara nyingine tukianzia kwenye barua.

Mwaka wa nne fainali ilichezwa Ruangwa, mwezi wa nane. Nilikuwepo na pampu yangu. Mchezo umeanza, Penina akaingia kwenye boksi kama kawaida, akasimama. Mwenzake ana mpira. Nikaona hatoki. Refa akapuliza, akainua vidole vitatu. Mpira kwa wapinzani. Wakacheza, zamu ya chuo ikarudi, Penina akaingia kwenye boksi, akasimama, mikono iko chini. Filimbi, vidole vitatu. Mara ya tatu mashabiki wakaanza kuhesabu na refa kwa sauti, moja, mbili, tatu. Mwalimu Mustafa anaita, "Toka, Penina, toka hatua moja!" Penina akamwangalia, uso umetulia kabisa.

"Si ndipo kwangu, mwalimu?"

Akamtoa nje. Kikombe kikaondoka na wengine. Alikuja akakaa karibu yangu kwenye sanduku la vifaa, jasho linamtoka. Akasema, "Nilitaka kusikia mtu akisema muda umepita."

Ijumaa yake tukaitwa kwa mkuu wa chuo, Penina na mimi, Mwalimu Mustafa amesimama mlangoni. Nilitegemea matusi. Mkuu hakutukana. Alisema chuo si gereza. Penina ataandikiwa barua siku ileile atakapopatikana wa kusimama mahali pake, mwenye urefu kama wake au zaidi. Atapelekwa fildi, vyeti atapewa, kila kitu. "Na wewe Mzee," akaniambia, "si unazunguka? Jicho lako tunalijua. Tutajie jina tu."

Nikatoka na maneno hayo. Nilizunguka miezi miwili, na nasema ukweli wangu, nilikuwa natazama milango. Kila duka, kila darasa, natazama nani anainama. Wale wenye ng'ombe nilikuwa nawatazama zaidi. Sikuwahi kuzunguka hivyo maisha yangu. Zamani nilikuwa natazama mipira.

Mwezi wa kumi nilikuwa Mkotokuyana, kwenye shule moja ya sekondari, nimeletewa mipira miwili ya miguu. Wa kidato cha nne walikuwa wanajiandaa na mtihani. Mwalimu akamtuma msichana mmoja aniletee maji. Akaja na kikombe, na mlangoni akainama. Jina lake Marystella. Akanikuta nimeshika sindano hewani, sishoni. Akaniuliza kama naumwa.

"Siumwi. Ukimaliza unataka kusoma nini?"

"Uuguzi, babu. Nikikosa uuguzi, chochote kitakachonilipia."

Alikuwa anampita Penina kwa vidole viwili. Nilikunywa yale maji, nikamrudishia kikombe, nikamaliza mipira ile nikaondoka kabla ya chakula.

Nikamkuta Penina uwanjani peke yake, mchana, saruji imepoa kwa sababu ya mawingu. Alikuwa anadundisha mpira, kule ambako haruhusiwi, katikati. Kule kwao ng'ombe mweupe ameshazaa mara ya nne, mama yake aliniambia kwa simu, ndama jike. Nilimweleza Penina kwanza habari ya ndama. Akatabasamu. Halafu nikamweleza habari ya Mkotokuyana, urefu wake, mlango alioinama, uuguzi, na lile neno lake kuhusu chochote kitakachomlipia. Jina la mtoto sikulisema.

Penina akaacha kudundisha. Mpira ukadunda wenyewe mara mbili, tatu, ukaenda upande, maana kile kiraka nilikiweka mimi na sikukiweka vizuri. Ukaingia kwenye boksi, ukatulia pale. Wote wawili tukautazama.

Nikamuuliza, na nikaja kumuuliza Mwalimu Mustafa kwa mafumbo, na baba yake, na Bi Samia kwenye kile kiti chake, na mwezi mzima wa Ramadhani nilikuwa nauliza nikiwa peke yangu kwenye barabara ya Ruangwa. Lakini wa kwanza kumuuliza alikuwa yeye, pale uwanjani, kuhusu lile jina:

"Mjukuu wangu, nilitaje?"